Punje Kumi na Tisa

Foleni ilikuwa imeizunguka mizani mara mbili. Mjane alikuwa wa nne kutoka mbele, amekalia mojawapo ya magunia yake manne ya shayiri. Hii ilikuwa safari ya pili. Wiki iliyopita mkaguzi wa kiwanda cha bia alichomeka kipimo ndani ya gunia, akatikisa kichwa. "Unyevu umezidi. Kaikaushe, urudi Jumatatu." Basi, hakuongeza neno. Mvua nayo ikanyesha siku nne mfululizo, utadhani imelipwa. Mjane akaweka bati juu ya mafiga, akawasha kuni, akakoroga shayiri kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi.

Leo kipimo kilionyesha unyevu wa asilimia kumi na mbili.

"Safi kabisa," mkaguzi alisema.

Mjane alicheka peke yake. Jina lake lingebaki kwenye orodha, na mbegu za msimu ujao angepata. Mbegu hizo haziuzwi dukani. Kiwanda huwapa walioorodheshwa tu, na shamba lake halikuwa na kazi nyingine.

Kisha mkaguzi alihesabu punje mia, akazipasua na kuzitia kwenye dawa. Punje hai hugeuka nyekundu. Baada ya saa moja zilikuwa zimegeuka kumi na tisa.

"Mama, hii umeikaanga?"

"Nimeikausha. Si mlisema niikaushe?"

"Kwa moto? Shayiri ya bia lazima ioteshwe kwanza. Hii imeshakufa. Itakuwa chakula cha nguruwe, nusu bei. Na jina nalifuta, ndio utaratibu."

"Mbona hamkusema?"

"Kila mkulima anajua."

"Mimi mkulima, na sikujua."

"Mama, usinigande. Watu wanasubiri."

Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Aliyaacha magunia palepale kwenye mizani, akashika njia kando ya foleni, akimuuliza mmoja mmoja.

"Baba, wewe uliianika juani au motoni? Na wewe, dada? Moto unaiua, na hawa hawasemi."

Mkaguzi alimfokea kwamba anavuruga kazi. Mzee mmoja alifungua gunia lake, akachota konzi, akanusa. Jirani yake naye akafungua. Kamba zikafunguliwa mpaka mwisho wa foleni, na harufu ya moshi ikatanda uwanja mzima.

"Anayefuata!" mkaguzi aliita.

Hakuna aliyesogea.