Mgonjwa Asiyetakiwa Kula

Aliyeuvimbisha mtambo ni mimi, wala sitafuti pa kujificha. Tulipanda mtama ekari nzima, si wa kula watu, wa kulisha mtambo wa gesi nyuma ya jiko. Unakatakata mabua, unachanganya na samadi, unatia ndoo mbili kwa siku, unapika. Mke wangu alivyofurahi, kuni zote akamgawia wifi yake, yaani dada yangu.

Mama mkwe akatuma salamu: Jumamosi anakuja kula hicho kinachopikwa kwa majani. Huyu mama huniita "mkwe wa cheti", maana diploma yangu ya kilimo haijawahi kumchemshia hata chai. Nikataka moto unaonguruma. Jumapili nikatia ndoo arobaini.

Jumatatu mwali ukazima. Shimoni ikatoka harufu ya siki.

Tukamwita daktari wa mifugo, maana nani mwingine anajua matumbo? Akaweka sikio juu ya kuba la saruji la mtambo, akanusa, kisha akaniangalia mimi.

"Amevimbiwa," akasema. "Tumbo limechacha. Asile hata jani. Samadi tu, kidogo kidogo."

"Atapona?" mke wangu akauliza.

"Akifunga, Jumamosi mtapika. Akila, hesabuni mwezi."

"Na huyu?" Mke wangu akaninyooshea mwiko. "Huyu hana dawa?"

"Huyo ni diploma, mama. Ikishaingia haitoki."

Kufika Jumatano kijiji kizima kimesikia kwetu kuna mgonjwa, na mgonjwa haendewi mikono mitupu. Jirani kaja na mzigo wa mtama. Fundi baiskeli kaleta majani machanga, eti hayasumbui tumbo. Dada yangu akatandika mkeka kando ya kuba, akauliza kwa sauti ya chini kama usiku mgonjwa alipata usingizi. Tukapokea, tukashukuru, tukarundika nyuma ya choo. Mke wangu akakalia kifuniko cha mtambo kutwa nzima, na mwenyekiti wa kijiji alipotaka kumlisha mgonjwa kwa mkono wake, akamfukuza.

Alhamisi akaingia mama mkwe. Hakungoja Jumamosi, kasikia kuna mgonjwa. Kichwani gunia la mtama wa shambani kwake, kaukatakata mwenyewe, laini kama wa mtoto.

"Nyanyuka, mwanangu," akasema.

Na mke wangu, mwanamke aliyemtimua mwenyekiti, akanyanyuka.

"Mama, daktari amesema asile mpaka Jumamosi," nikasema. "Akila, hakuna kupika."

"Daktari huyo amelea wangapi?" Akafunua kifuniko. "Asiyekula hufa, mkwe wangu. Hicho cheti hakikukufundisha?"

Mkono wa mama mkwe haushikwi, ni mwiko. Wangu nikaufungia mgongoni, nikatazama konzi ya kwanza ikizama, ya pili, ya tatu. Dada yangu akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeona mgonjwa anapata nafuu. Gunia likafika nusu.

"Mama," nikasema, "nakuomba, huo uliobaki nipe niule mimi."