Mashine Isiyo na Masikio

Vumbi, kwanza vumbi. Mtu wa mashine ya picha akiwasha taa yake kule nyuma ya ukumbi, mwanga hukatiza gizani juu ya vichwa vya watu, na vumbi lililolala kutwa huamka, hupanda, hucheza bila malipo. Alasiri ile Tarumbeta alilikodolea macho vumbi, maana hakuthubutu kumtazama mama yake kwenye kiti cha pili.

Tarumbeta si jina, ni sauti. Homa ilimwachia mama uhai ikaondoka na masikio, na binti akakua akisema na mtu asiyesikia. Mama humshika kidevu, humgeuzia uso dirishani penye mwanga, na mtoto hulichonga neno, hulitandaza mdomoni kama kitambaa juu ya meza ya mshonaji, mpaka mama alisome. Na kwa kuwa utoto hauna akili, alipiga na kelele juu yake. Majirani wakaziba masikio. Jukwaa likafungua mlango.

Ah, jukwaa! Mbao zinazonung'unika, pazia lenye viraka, unga usoni na jasho chini ya unga. Aliingia kama kijakazi mwenye sinia na maneno mawili tu: "Wageni wamefika." Hata wa viti vya nyuma, waliokuja kusinzia, waligeuka kuwatafuta hao wageni. Tangu hapo akawa mke, akawa mjane, akawa malkia. Akafa Jumamosi, na Jumapili akafa tena, kwa kiingilio kilekile.

Watu wote walikuja, ila mama.

"Nije kufanya nini?" alisema, akitema pini za kushonea kiganjani. "Kutoka kule kwenye viti midomo yenu ni punje za mtama. Kama ni kutazama watu wanapayuka nisiambulie neno, si nitakwenda sokoni? Kule bure."

Binti akacheka. Alikuwa hodari wa kucheka panapouma.

Kisha zikaja picha za kutembea, nazo zilizaliwa bubu. Mwenye sauti ya kuangusha vigae akaajiriwa kwa mdomo mtupu. Dunia nayo ina masihara yake. "Sema lolote, mwanangu," mwongozaji alimwambia, "alimradi mdomo ucheze. Mashine haina masikio."

Mashine haina masikio! Basi Tarumbeta akala raha. Kwenye tukio la kuagana, kifuani pa mpenzi, machozi yakimchuruzika, alimwambia yule bwana, "Kaka, leo umekula shamba zima la vitunguu?" Na mpenzi, kidevu kikimtetemeka kwa majonzi, akajibu, "Vumilia, dada, na wewe umenikanyaga kidole." Mwongozaji alilia kwa furaha.

Na sasa mama amekuja. Amekuja kwa sababu ameambiwa kwamba humu uso wa mtu hujaa ukuta mzima. Taa zilipozimwa ndipo binti akakumbuka. Mashine haina masikio, ndiyo. Lakini mama ana macho. Akiona mwanawe amefanya kazi yake mzaha, hatakanyaga hapa tena.

Ukutani ikafika zamu ya kuagana. Ukumbi mzima ukatoa leso. Katikati ya kwikwi, mama akaangua kicheko.

"Vitunguu!" alipaza, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Shamba zima!"

"Bibi, heshima jamani!" mtazamaji mmoja alifoka. "Watu wanaagana hapa!"

Bibi hakusikia. Tarumbeta akadidimia kitini, akiiomba sakafu imfanyie hisani impokee. Lakini la kuchoma zaidi lilikuwa bado mbele.

Ikafika zamu ya kufa. Uso ukajaa ukuta. Siku ile ya kupigwa picha hii, mzaha ulikuwa umemwishia. Alikuwa amelala pale, amechoka, taa zikimchoma, na midomo ikasema polepole, neno moja moja, ilivyofundwa dirishani: *Mama, ungekuja japo mara moja, unione.*

Ukumbi ulimlilia mpenzi aliyefiwa. Kisha mkono wenye vidole vilivyosugika kwa sindano ukakipapasa kidevu cha binti gizani, ukakigeuza, ukakitafutia mwanga.

"Si nimekuja," akasema mama. Alidhani ananong'ona. Ukumbi mzima ulisikia.

Tangu siku ile, katika kila picha, watu wakilia, palikuwa na neno moja lililopachikwa mdomoni kwa ajili ya mtazamaji mmoja. Na kila picha, kwenye kiti kilekile, alikuwapo bibi wa kucheka msibani. Baadaye picha zikaota ulimi, mashine ikapata masikio, wakamwambia Tarumbeta apunguze sauti. Akapunguza. Mcheza kwao hutunzwa, na mama, aliyemtunza, alikwisha kupumzika.

Siku hizi picha ile ya vitunguu ikionyeshwa tena, yeye huenda, na mvi zake na fimbo yake. Taa inawashwa kule nyuma, vumbi linaamka, linapanda. Halitazami tena kwa woga. Huinua kidevu, hukigeuzia mwanga, midomo ikicheza bila sauti, ametulia tuli kama mtu anayesomwa.