Mifuko ya Ifor Prosser

Asubuhi ile, katika ukumbi wa shule ya Cwm-du, wanawake walipanga foleni na vikombe vya chai mkononi. Wanaume waliofia shimoni, katika mlipuko wa mgodi wa makaa, walilazwa juu ya madawati. Nyuso zilikuwa zimeungua, hivyo kila mke alitafuta kazi ya mkono wake: soksi aliyoitia kiraka, kifungo kisichofanana na vingine. Maiti aliyetambuliwa sawasawa alikaa kitako. Aliyekosewa aliendelea kulala, na mama wa watu akasogea dawati la pili.

"Baba Dilys, kaa vizuri, unamwegemea mwenzio," Marged Howell alimwambia mumewe, akimfuta masizi shingoni.

Gwenllian Prosser alipapasa suruali ya maiti aliyekuwa mbele yake. Mifuko yote miwili ilikuwa imeshonwa kwa uzi mwekundu. Aliishona mwenyewe, maana Ifor alikuwa msahaulifu, na kushuka na kiberiti kwenye makaa ni kifo.

"Ifor, mume wangu, ni mimi."

Ifor akakaa.

Ndipo meneja wa mgodi, Bwana Treharne, alipoingia na kutangaza kuwa chanzo kimepatikana. Mlipuko uliletwa na kiberiti kilichotoka mfukoni mwa Ifor Prosser.

"Mfuko upi?" Gwenllian akauliza. "Njoo utie mkono."

Ifor alisogeza paja ili meneja aone vizuri. Meneja akaona.

"Bibi Prosser, ushahidi wa marehemu haupokelewi."

"Basi pokea wa uzi!" Marged akadakia. "Tangu Pasaka wanaume hawa wanakwambia gesi imejaa shimoni, wewe unawaita waoga. Huna haya?"

Hakuwa nayo. Ulikuwa uongo wa mchana kweupe, na aliusema kofia ikiwa kichwani, mbele ya wajane.

Majeneza yalipoletwa, maiti wengine walijilaza ndani wenyewe. Ifor alikataa. Maiti haulizwi sanda, lakini huyu alikunja mikono akatulia.

"Mwacheni," alisema Gwenllian. "Hata akiwa hai alikuwa hivyo hivyo."

Seremala akaongeza mbao, na Ifor akazikwa ameketi. Kwaya iliimba vizuri. Uamuzi ulibaki vilevile: kiberiti, mfuko, Prosser.

Wiki iliyofuata shimo likafunguliwa, gesi ikiwa palepale. Jumapili yake, baada ya ibada, wanawake walikaa vizingitini wakishona mifuko ya wanaume waliobaki. Kufikia saa ya chai, uzi mwekundu ulikuwa umekwisha dukani.