Wimbo wa Shemasi Goodloe

"Wimbo huo huuimbi kesho, Verlean, na usinikodolee macho," Dessie alisema. "Nyimbo zimejaa tele. Chagua mwingine."

Kisu chake hakikusimama hata kidogo. Alikuwa anamenya mapichi ya kuoka kwa ajili ya Jumapili ya Kurudi Nyumbani, ile ya Agosti, ambapo watu wa mji wa Tolliver waliotawanyika Detroit na Chicago na Cleveland hurejea Alabama kuomba, kula, na kuona nani amenenepa. Beseni lilikuwa limefurika. Verlean, mdogo wake, alikuwa amepewa kisu naye, akamenya mapichi mawili vibaya, akanyang'anywa.

Alijitetea kwamba mchungaji ndiye aliyempigia simu kule Memphis na kuomba wimbo huo kwa jina. Dessie akamkata kalima. Mchungaji alikuwa mtu wa Birmingham, alikuja juzi tu. Kwake yeye huo ulikuwa wimbo wa redioni, angejuaje?

"Ni wimbo wa Baba," Verlean alisema.

"Ulikuwa. Wewe uliuchukua, ukauvalisha gauni la kumetameta. Sasa unataka kumrudishia mbele za watu, naye hana hata ulimi wa kukwambia hapana."

Wote wawili walitega sikio upande wa sebuleni, kama waliogopa kwamba amesikia. Huko redio ilikuwa ikitangaza mchezo wa besiboli. Shemasi Hosea Goodloe, baba yao, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Kiharusi kilimpiga baada ya Pasaka, kikachukua upande mmoja na maneno yote. Dessie, ambaye hakuwahi kuondoka nyumba ile, ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Verlean aliletewa habari akiwa ziarani Ujerumani. Alituma maua. Dessie alikuwa bado hajamaliza kuyasema hayo maua.

Tangu Verlean afike Alhamisi, baba yake alikuwa amemtazama mara kadhaa, kwa adabu, kama mgonjwa anavyomtazama nesi wa zamu.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. Shemasi aliutunga akiwa kijana, akichuna pamba za watu, na hakuuandika popote kwa sababu hakuona haja. *Usizime taa, Bwana, bado niko njiani.* Kila Jumapili, kabla kinanda hakijafunguliwa, alisimama mbele ya benchi la mashemasi, akautaja mstari upesi upesi kwa sauti kavu, na kanisa zima likaupokea na kuuvuta polepole, mpaka neno moja likachukua pumzi tatu. Halafu mstari wa pili. Hakuwa na sauti nzuri. Hakuihitaji. Kazi yake ilikuwa kuanzisha, uzuri ulitoka kwa waliojibu.

Verlean alikuwa na sauti nzuri. Kila mtu alimwambia hivyo tangu akiwa mtoto, na alipofika miaka kumi na tisa alikwenda nayo studio moja ng'ambo ya mto, akiwa amevaa viatu vya Dessie. Mwenye studio, mzungu mwembamba mwenye kikohozi, alimuuliza kama ana kitu chake mwenyewe. Hakuwa nacho. Akaimba cha baba yake. Yule bwana akavua vifaa vya masikioni, akasema ni kizuri sana, ila Jumamosi usiku nani atacheza na Bwana? Weka "mpenzi" hapo.

Akaweka. Neno moja tu. Kusema kweli hakuona dhambi, maana siku zile kila mtu alifanya hivyo. Nusu ya muziki wa soul ilitoka kanisani kwa mlango huo huo, na walioutoa walirudi kanisani kesho yake asubuhi wakiwa na macho mekundu na sadaka nono.

Mvua ilinyesha siku ya kurekodi na wasichana wa kuitikia hawakutokea. Kwa hiyo alijiitikia mwenyewe, sauti moja juu ya nyingine, akisimama peke yake gizani na kujisikia akijiita na kujijibu. Mpaka leo watu humsifia wale wasichana. Humuuliza wako wapi siku hizi. Zamani alikuwa anaeleza. Sasa husema wako salama, wanawasalimu.

Kampuni ya rekodi ikamwita Vera Lane kwa kuwa Verlean Goodloe, walisema, ni jina la mpishi. Vera Lane akazunguka nchi nzima. Alikula ndani ya magari, akafua nguo za ndani kwenye masinki ya hoteli, akaolewa mara mbili. Mume wa pili alimwambia kwamba kuishi naye ni kama kuishi na sanduku la safari, tofauti ni kwamba sanduku haliumwi koo. Vibao vingine havikuvuma. Wimbo huo mmoja haukumwacha. Nchini mwake walipoanza kumsahau, Ulaya wakamkumbuka, na kila jukwaa alilopanda alijua kwamba wanasubiri "Usizime taa, mpenzi" na kwamba wakishaupata wataanza kutafuta makoti yao. Baadaye alirudi hotelini na kuwasha televisheni kwa lugha asiyoijua, ili chumbani kuwe na mtu anayeongea.

Nyumbani alipiga simu sikukuu kwa sikukuu. Baba yake alisema, "Haya, huyu hapa dada yako," akampa Dessie simu. Verlean alijiambia mwenyewe kwamba ni hasira ya mcha Mungu: wimbo umepelekwa baa. Hasira ya namna hiyo aliizoea. Ilikuwa na njia zake. Mtu angeweza kuzeeka kidogo, akarudi, akasimama mbele ya kanisa, akauimba kwa Bwana kama ulivyotungwa, na mambo yakaisha. Hicho ndicho kilichomleta. Hakumwambia Dessie, lakini Dessie hakuwa mtu wa kuambiwa.

"Unadhani alikasirika," Dessie alisema sasa, akitupa kokwa kwenye ndoo. "Laiti angekasirika. Unajua kwa nini aliacha kuuanzisha?"

Verlean hakujua hata kwamba aliacha.

Dessie alisimulia bila kumwangalia. Ilikuwa kiangazi kile kile rekodi ilipotoka, ikipigwa kila dirisha. Jumapili moja Baba akasimama kama kawaida, akautaja mstari. Kanisa likaupokea. Na kutoka mabenchi ya nyuma, wale vijana wa kwaya, pengine bila hata kukusudia, wakaitikia "mpenzi". Ikapita kicheko. Kicheko kidogo tu, cha watu wema. Mama mwenyewe alijificha nyuma ya kipepeo chake cha mkono, mabega yakimtikisika.

"Baba akavua miwani, akaikunja, akaketi. Jumapili iliyofuata akaanzisha mwingine. Huo hajauimba tena, hata humu ndani, hata akinyoa ndevu." Dessie alifuta kisu kwenye aproni. "Hukumuudhi, wewe mtoto. Ulimnyamazisha. Kiharusi kilimkuta kimya tayari."

Verlean alitoka nje akaingia kwenye gari lake. Alifunga vioo, joto na yote, akajaribu. *Usizime taa.* Hapo sawa. Halafu, kabla hajafikiri, mdomo ukaleta mpenzi, na ule mkunjo mdogo wa sauti ambao watu wa Rotterdam walipenda kuupigia makofi. Akarudia taratibu, kama anayesoma kwenye ubao. Bwana likatoka, lakini limekauka, la mtu aliyeazima. Akiliacha koo lifanye kazi yake, lilirudi kule kule. Alijaribu mpaka blauzi ikamganda mgongoni. Mtoto wa jirani alipita na baiskeli, akampungia, naye akampungia kama msanii.

Jioni alimpelekea baba yake chakula: mboga za majani za koladi, maharage, mkate wa mahindi uliovunjwa ndani ya maziwa kama alivyopenda. Shemasi alipokea kijiko vizuri. Alitafuna akitazama dirishani. Verlean alitaka kumwambia kwamba hakujua, lakini jambo hilo lilionekana dogo sana kumwambia mtu asiyeweza kujibu. Akamfuta kidevu.

Jumapili asubuhi kanisa la New Canaan lilijaa mpaka ngazini. Wamama wa baraza la kanisa walikuwa mbele na kofia zao nyeupe, wahudumu wamevaa glovu, vipepeo vya mkono vyenye tangazo la kampuni ya mazishi vikienda na kurudi. Waliotoka kaskazini walijulikana kwa viatu. Shemasi Goodloe alikuwa pembeni mwa benchi la mbele, ndani ya suti ya bluu iliyokuwa imemkaa vizuri mwaka jana, na Dessie kando yake kama mlinzi.

Mchungaji alimtambulisha Verlean kwa maneno mengi. Alisema Vera Lane. Alisema dunia nzima. Verlean alipanda akiwa amejipanga: ataimba taratibu, bila mkunjo, macho kwenye msalaba, neno kwa neno. Lakini mpiga kinanda, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameisikiliza rekodi wiki nzima na kuwafundisha wenzake, na kabla Verlean hajashika kipaza sauti vizuri ngoma ikaingia na ule mwanzo wake, na kanisa likasimama kwa furaha. Mwili wake uliujua mwanzo ule kuliko ulivyojua jina lake. Bega likashuka. Jicho likafumba.

"Usizime taa, mpenzi..."

Walicheka. Si kwa ubaya. Mtu akasema, haya basi, msichana wetu huyo, na makofi yakaanza kufuata ngoma. Wangemsamehe kabla hajamaliza mstari. Wangemsamehe chochote, na baadaye wangempa kuku na kumwomba picha.

Verlean alifumbua macho akamtafuta baba yake. Mkono wa kushoto wa shemasi ulikuwa umeinuka. Ulichukua muda mrefu kufika usoni. Akavua miwani. Hakuweza kuikunja kwa mkono mmoja, akaibana kifuani, akausukuma mpini mmoja wa miwani, kisha wa pili, mpaka ikajikunja. Dessie alitaka kumsaidia, akaacha.

Verlean akainua kiganja kwa wapigaji. Ngoma ilikatika mara moja, kinanda kikachelewa kidogo.

"Nisameheni," alisema. "Nimekosea, na nitakosea tena, maana nimeuimba vibaya muda mrefu mno. Huu si wangu kuuanzisha."

Alikilaza kipaza sauti juu ya kinanda na kushuka. Visigino vyake vilisikika ngazi kwa ngazi. Mchungaji alianza kutabasamu kama mtu anayengoja kujua kinachoendelea. Verlean alikwenda moja kwa moja mpaka benchi la mbele, akamwinamia dada yake.

"Simama, Dessie. Uanzishe."

"Umerukwa na akili," Dessie alinong'ona. "Mimi na sauti hii?"

"Yake ilikuwa mbaya zaidi. Wewe ndiye unayeujua kama yeye alivyouacha. Simama, mimi nikae."

"Usinitie kwenye mambo yako mbele ya watu wa Detroit."

"Sogea basi."

Dessie alimtazama kwa jicho ambalo lingekausha mapichi. Kisha akasimama, hasa kwa sababu Verlean alikuwa tayari anakaa na benchi lilikuwa limejaa. Hakupanda jukwaani. Alisimama pale pale alipokuwa, akashika pochi yake tumboni kwa mikono miwili, akautaja mstari upesi upesi, kwa sauti kavu ya jikoni, sauti ya kuita watu waje kula.

"Usizime taa Bwana bado niko njiani."

Vijana hawakuujua kwa namna hiyo. Vipepeo vilisimama. Kisha kutoka kwa wamama wa baraza, mmoja, mzee sana, aliuokota mstari huo chini kabisa na kuanza kuuvuta, mwingine akamshika, na wazee wa kaskazini waliokuwa hawajauitikia tangu ujana wao wakagundua kwamba bado wanao. Ukaja polepole, mzito, bila ngoma, ukapita benchi kwa benchi.

Verlean akaitikia. Hakuuongoza. Aliufuata nyuma kidogo, kama asiyejua njia, na walipofika kwenye neno lile lilikuwa tayari limejaa kanisani, limeshikwa na wengi, likambeba akiwa amefungua mdomo tu. Bwana. Pumzi tatu. Alijisikiliza, kwa mazoea ya miaka, akitafuta sauti yake iko wapi katikati ya hizo. Hakuipata.

Kando yake baba yake alikuwa anatazama mbele, miwani imekunjwa mapajani, mdomo umefungwa. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kinagonga chuma cha kiti. Kilikuwa kinagonga taratibu kuliko walivyoimba, kama alivyokuwa akiwafanyia zamani, kuwazuia wasikimbie.

Verlean alikiona. Akapunguza mwendo, na Dessie, ambaye hakuwa amekiona, akapumua na kuutaja mstari wa pili.