Chumvi kwenye Posa ya Shekue

Usiku wa jana niliota kuwa ni saa saba mchana, na Shekue amekuwa pande la barafu.

Hakuwa mgonjwa. Alikuwa ameketi kwenye kochi sebuleni kwa Bi Zaina, kavaa kanzu na kofia ya viua, pembe zake zimenyooka kama za mapande tunayoyatoa kiwandani. Mimi na Shekue ni mafundi wa kiwanda cha barafu. Mwanahawa ndiye karani wetu, na Bi Zaina ni shangazi yake. Nimempenda Mwanahawa kwa miaka bila kumwambia. Shekue ameajiriwa juzijuzi, na ameshamchekesha mara nyingi kuliko mimi. Sisemi kwa wivu, nimehesabu.

Mwanahawa alikuwa ubavuni kwa Shekue, ndani ya kopo la bati, amekuwa maji matamu yasiyo na chumvi, yamejaa hadi ukingoni. Alikuwa akicheka. Maji yakicheka hufanya viwimbi vidogo.

"Karibu, Fundi Mbaruku," akasema Bi Zaina. "Mshenga wako yuko wapi?"

Nikamwonyesha. Mshenga wangu alikuwa kipimajoto.

"Tumekuja na neno la heri," kikasema kipimajoto, "lakini kwanza, sebule hii ina nyuzi thelathini na moja."

"Fundi," akasema Shekue, "hata kuposa unakuja na vifaa vya kazi?"

Kopo likacheka hadi likamwagikia zulia.

Bi Zaina akaweka birika jikoni, akatangaza sharti. "Mwanangu nitampa atakayebaki mgumu mpaka chai ichemke. Wanaume wa siku hizi huyeyuka mapema."

Pande zima haliyeyuki kwa muda wa birika moja la chai. Hilo nalijua vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani.

Mfukoni mwangu mna chumvi ya mawe.

"Nitoe," chumvi inasema.

"Utafanya nini?"

"Chembe za maji hutoka kwenye barafu na kurudi, hutoka na kurudi, kama watu wa nyumba moja. Mimi huzishika mikono huko nje, nikazipigisha soga. Zinaendelea kutoka. Zinazorudi zinapungua. Mwisho nyumba inakwisha."

"Una ugomvi naye?"

"Sina. Wewe unao?"

Ninaitoa konzi moja. Ninajifanya namnyooshea Shekue kofia, kisha naimwaga yote utosini. Kwa kawaida konzi moja haitoshi pande zima. Hii inatosha.

Shekue anayeyuka kuanzia masikioni. Haachi kuongea. "Fundi, umenipaka chumvi kama papa wa kukausha," anasema, na Mwanahawa anacheka tena.

Sasa kochi ni tangi, na sebule ni kiwanda chetu. Bi Zaina amesimama kwenye ngazi ya chuma, birika mkononi. Shekue amejaa tangini, maji ya chumvi matupu, na kopo la Mwanahawa linaelea katikati yake, kama makopo tunayogandishia barafu kazini. Sikupanga hivyo.

"Sifuri," kinasema kipimajoto. "Tano chini ya sifuri. Kumi na mbili chini ya sifuri."

"Lakini anayeyuka," nikasema. "Baridi inatoka wapi?"

"Kuyeyuka hula joto, Fundi. Wewe mwenyewe huwaambia vibarua hivyo kila siku. Umemyeyusha mwenzio bila moto, naye anachukua joto kwa jirani."

Nikamtazama jirani. Utando wa barafu ulikuwa umeshika ukingo wa kopo, na kicheko kilikuwa kimekuwa kizito.

"Nani kafungua baridi hii?" akauliza Mwanahawa. "Hebu mwite…"

Jina halikutoka. Likaganda mle koponi, katikati ya pande, jeupe, pale ambapo barafu yetu huacha ukungu. Nikainama kulisoma. Halikuwa langu.

"Toka kwa Shekue," nikaiambia chumvi.

"Tumeshachanganyika. Kututenganisha kunataka muda, na chai imechemka."

Bi Zaina akashuka ngazi. Akachovya kidole kwa Shekue, akakikung'uta. Akagonga kopo kwa kijiko. Likalia kama jiwe. Kisha akanishika goti.

"Unatetemeka," akasema. "Mgumu ni Mwanahawa peke yake. Basi simtoi."

"Bi Zaina, mimi sikuyeyuka."

"Hukuyeyuka, baba. Umetugandishia mtoto."

Niliamka kumeshapambazuka. Chumba kilikuwa na joto la kawaida na shuka lilikuwa kavu. Simu ilikuwa na ujumbe mmoja, kutoka kwa Mwanahawa:

"Kaka Mbaruku, leo sitafika kazini. Nimeamka natetemeka kwa baridi, na homa sina. Vidole havikunjiki. Usihangaike kuja, Shekue ameshaniletea uji wa pilipili manga."