Kitanda Kisichopita Mlangoni

Mwinjuma Salumu alirudi kutoka vita vya Burma na mguu wa kulia uliokuwa mfupi kuliko wa kushoto. Watoto wa Keko waliufuatisha mwendo wake njiani, mmoja nyuma ya mwenzake kama foleni ya bata. Hakuwahi kuwakemea. Alihamishia karakana yake uani, nyuma ya nyumba, na tangu hapo aliyetaka meza au kabati alimfuata hukohuko. Miaka sita ilipita hivyo. Hata sokoni alikwenda mkewe, Chausiku.

Mwezi wa Juni mwaka 1951 lori la serikali lilisimama mbele ya nyumba. Alishuka Mzungu mnene mwenye suruali iliyoshikwa na kanda za mabegani, pamoja na karani kijana aliyevaa tai. Mzungu aliitwa Bwana Petifa. Karani alikuwa Audax, mtu wa Bukoba.

"Mimi nataka kitanda," alisema Bwana Petifa kwa Kiswahili cha jeshini. "Kitanda kubwa. Hapana pita mlango."

Mwinjuma alimtazama Audax. "Amesema kisipite?"

"Kisipite," Audax alijibu. "Ni cha sinema. Serikali inataka picha ya kuchekesha, kwa Kiswahili, ya watu wa hapa. Karani mwenye maringo ananunua kitanda, akifika nacho nyumbani hakiingii. Huyo karani ni mie."

Kilikuwa kitanda cha mninga, na Mwinjuma alihitaji wiki mbili. Bwana Petifa alikuja karibu kila siku akakaa juu ya gogo kuangalia randa ikipita. Pale Kiswahili chake kilipoishia, Audax alimalizia. Ndivyo Mwinjuma alivyopata kujua kwamba mgeni wake alikuwa mchekeshaji wa sinema huko London. Kabla ya vita alikuwa mtu wa kuanguka. Aliangushwa mtoni, kwenye ndoo za rangi, kutoka juu ya ngazi, na watu walijaa kumtazama. Wakati wa vita alizungushwa makambini kuwachekesha askari. Vita vilipokwisha, walikuja vijana wenye maneno makali na suti nzuri, na wenye makampuni hawakumwita tena. Aliuza viatu dukani miaka mitatu.

"Anasema wateja walikuwa wanamkumbuka," Audax alieleza. "Wanamwomba aanguke kidogo, palepale dukani."

"Akaanguka?"

Audax aliuliza. Bwana Petifa aliitikia kwa kichwa, kisha akatazama pembeni.

Picha hii ilikuwa bahati yake ya mwisho. Isipowapendeza wakubwa, meli ya Septemba ingemrudisha.

Siku ya kupiga picha, kitanda kilipelekwa kwenye nyumba moja ya Temeke, na Mwinjuma alipanda lori kwa sababu hakuwaamini wapagazi. Majirani walijaa uani. Chausiku naye alikuja na mashoga zake. Audax alikishika kitanda na kusema maneno yake kama anayesoma barua ya mkuu wa wilaya. Hakuna aliyecheka. Akarudia. Mama mmoja alipiga miayo.

Bwana Petifa alivua kofia, akakishika kitanda mwenyewe aonyeshe. Alikisukuma, kikamrudisha. Alipita chini yake, akanasa, akajinasua, kisha akaanguka chali, miguu juu. Ua wote ulilipuka. Wanawake walishikana mabega wasianguke na wao.

Lakini hakuinuka. Nyonga ilimkamata, na ilibidi Mwinjuma na Audax wamnyanyue. Machozi yalikuwa yakimtoka, na Mwinjuma hakujua kama ni ya maumivu.

Ofisa aliyeletwa kusimamia kazi hiyo alisogea, amekaza uso. Alisema maneno machache ya Kiingereza, akarudi kwenye kiti chake kivulini.

"Amesema Mzungu hawezi kuonyeshwa akianguka mbele ya Waafrika," Audax alinong'ona. "Na mie sianguki. Nimesomea hati mkato, sikusomea kuanguka."

Wapagazi walianza kukisukuma kitanda mlangoni hovyo, mbao zikigonga fremu. Mwinjuma hakuweza kuvumilia.

"Mtakivunja! Wekeni! Nyie mmewahi kuingiza kitanda?"

Alikishika. Yeye ndiye aliyekitengeneza kisipite, na bado, mbele ya mlango ule, mkono wa fundi ulikataa kushindwa. Alikilaza ubavu. Alikisimamisha. Alipima kwa shubiri, akaupima mlango, akavipima tena kana kwamba kimoja kingeona aibu kikapungua. Mwishowe aliusogelea mlango, akasema kwa adabu, "Shikamoo, mzee. Naomba unipishe."

Kicheko kilichotoka hapo kilimfanya ageuke. Watu wote walikuwa wakimtazama. Aliona mguu wake, aliona bata wa Keko. Alikiacha kitanda, akatoka kwa miguu, Temeke mpaka Keko, bila kumngojea mtu.

Asubuhi yake Bwana Petifa alifika na Audax, akitembelea fimbo.

"Anataka uigize wewe," Audax alisema. "Ameniondoa, na Mungu ambariki."

Mwinjuma hakuacha kupiga randa. "Muulize kama ananitaka kwa sababu ya mguu."

Bwana Petifa hakukimbilia kukataa. Alikaa kwenye gogo, akafikiri, kisha akasema kirefu, na Audax akamfuata taratibu.

"Anasema jana hakuuona mguu, aliona mtu anagombana na mlango. Anasema amechekwa maisha yake yote na anajua sauti zake. Kicheko cha kumdharau mtu kinaanza upesi, kabla hujafanya kitu. Dukani kwao alikuwa akikisikia mteja akiwa bado yuko mlangoni. Cha jana kilingoja. Kilikungoja useme."

Mwinjuma aliweka randa chini. Chausiku alitoka jikoni, mwiko mkononi.

"Baba Mwamvita, na mie nilikuwepo. Nilicheka mpaka kanga ikadondoka."

"Ulicheka nini?"

"Mtu anauamkia mlango! Ungekuwa wewe usingecheka?"

Mwinjuma alijizuia, midomo ikamshinda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu Chausiku kuyaona meno ya mumewe.

"Mwambie nitaanguka mara moja tu," alimwambia Audax, "na nitaangukia kushoto."

Siku tano Bwana Petifa alimfundisha kuanguka juu ya godoro la usumba, mwenyewe amekaa kitini. Toa pumzi kwanza. Usitazame unapoangukia. Ukishafika chini, usiharakishe kuinuka, waache watu wakuhurumie kidogo. Siku ya sita walipiga picha, na Audax alikaa pembeni akiandika maneno mapya kadiri Mwinjuma alivyoyatoa mdomoni.

Picha ilionyeshwa mwezi wa Agosti, Jumamosi alasiri, kwenye ukumbi wa Temeke uliozibwa madirisha kwa majamvi. Maofisa wawili walikaa mbele, wazee wa mtaa wakafuata, na nyuma wakabanana vijana, akina mama na watoto. Mwinjuma alifika mpaka mlangoni, akaghairi kuingia. Alizunguka nyuma ya ukumbi, akamkuta Bwana Petifa ameegemea ukuta, sigara mdomoni.

"Wewe hapana ingia?" aliuliza Mzungu.

"Hapana."

"Mimi pia."

Wakasikiliza. Ndani mashine ya picha ilikuwa ikikoroma, na zaidi ya hapo hakikusikika kitu. Mtu alikohoa. Mtoto alilia akanyamazishwa. Bwana Petifa alifumba macho. Mwinjuma alimhesabia mambo yanavyokwenda: sasa karani anatoka dukani, sasa anawapungia majirani, sasa amefika mlangoni. Kimya. Sasa anapima kwa shubiri. Mtu mmoja aliguna. Sasa anausogelea mlango.

Ukumbi ulicheka wote kwa mpigo. Kicheko hakikuisha. Kilipoelekea kutulia, kitanda kilianguka pichani, karani naye akaanguka, na kicheko kikapanda upya, sauti nene za wazee zikisikika katikati. Jamvi moja la dirishani lilidondoka.

Mwinjuma alijikuta ameshika mkono wa Bwana Petifa, au yeye ndiye aliyeshikwa.

Ofisa yule aliyesimamia kazi siku ya kwanza alitoka akijipangusa macho kwa leso. Alimtafuta Bwana Petifa, akampa mkono, wakasemezana. Bwana Petifa aliteleza taratibu na ukuta mpaka akakaa chini mchangani.

"Nini?" Mwinjuma alimwuliza Audax aliyekuja mbio nyuma ya ofisa. "Wamemfukuza?"

"Picha mbili nyingine! Na mkataba wa miaka miwili. Yeye wa kuelekeza, wewe wa kuigiza."

"Na kuanguka?"

Audax aliuliza. Bwana Petifa, bado amekaa mchangani, alicheka kwa sauti, akijipapasa nyonga.

"Mimi kwisha anguka," alisema. "Mungu asante. Kwisha kabisa."

Milango ilifunguliwa na watu wakamwagika nje. Chausiku aliwapita wote kwa viwiko, mashoga zake nyuma.

"Baba Mwamvita! Watu wanakutafuta kule mbele, wewe umejificha huku! Njoo, na umlete mgeni wako, nimepika wali."

Alimpa Mzungu mkono, yeye upande mmoja na mumewe upande wa pili, wakamwinua.