Nguzo Iliyochanua

Nilipohamia mtaa wa Kalangalala niliikuta nguzo ile uani, imebaki peke yake baada ya uzio wa mwenye nyumba kuanguka. Wakati wa masika ikatoa majani, nami nikaiacha. Katika nyumba ya watu wawili, mimi na mwanangu Wema, chochote kinachoota ni mgeni. Kiangazi majani yakapukutika yote. Halafu asubuhi moja ya Agosti nikafungua mlango, nikakuta matawi makavu yamejaa maua ya rangi ya waridi yenye uzambarau kidogo, kuanzia shinani hadi nchani.

Nilitamani kumwonyesha mtu. Ezekiel, baba yake Wema, alikuwa machimboni upande wa Masumbwe tangu mtoto hajaota jino. Nikampigia, hakupokea. Nikamwita jirani yangu, Mama Nelly.

"Mayu, mama yangu! Mti gani huu?"

"Sijui, dada."

"Unachanua bila jani, kiangazi hiki, na hakuna anayeumwagilia? Huo umeona kitu chini. Kaka zangu wote wachimbaji, usibishane na mimi. Mti usio na jina unafuata dhahabu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Jioni watu walishaanza kuchungulia uani, na sijui maneno yale yalipanda basi gani, maana Jumapili Ezekiel alipiga mwenyewe.

"Mama Wema, usiruhusu mtu aguse huo mti. Nakuja."

Nakuja! Nilikuwa nimelingoja neno hilo hata sikujali limeletwa na nini. Nikasuka nywele, nikabadilisha shuka.

Alifika na sururu na chepe, amevifunga kwenye kiroba. Wema akajificha nyuma ya sketi yangu.

"Wewe mchumba, humjui baba yako?"

Mtoto akaangua kilio. Lakini kesho yake walikuwa marafiki, anamfuata kila anapogeuka. Ezekiel akachora duara chini ya mti, akaanza kuchimba.

Mimi jioni huwa nakwenda darasani, masomo ya sekondari kwa sisi tuliochelewa. Siku hiyo nikabeba kitawi chenye maua hadi kwa Mwalimu Donatus, anayetufundisha baiolojia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo umeniletea maua? Mke wangu ataniuliza."

Darasa zima likacheka. Akakigeuzageuza kile kitawi, akatabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao.

"Glirisidia hii. Kule Shinyanga baba alipanda shambani, inarutubisha udongo. Ukikata kigogo ukakichomeka, kinashika. Huo wako haukuwa nguzo?"

"Ulikuwa nguzo."

"Basi ndiyo yenyewe. Kiangazi inaangusha majani, ndipo inachanua. Ni tabia yake tu."

"Na dhahabu, mwalimu? Hauoti penye dhahabu?"

"Dhahabu? Ingekuwa hivyo, mzee wangu asingekufa na jembe mkononi."

Nilirudi nyumbani polepole. Jina nimelipata, na nikilitaja tu, Ezekiel anaondoka. Nikinyamaza, anabaki. Nikamkuta ameshaoga, Wema amelala mapajani kwake.

"Leo mmesoma nini?" akaniuliza.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nikajibu, "Hesabu."

Asubuhi nikanyamaza tena. Kufikia alasiri shimo lilikuwa limemfika kifuani. Mizizi ilikuwa imekatwa, maua yanamdondokea kichwani, hana habari. Wema alilala kifudifudi ukingoni, anamwita. "Baba! Baba!" Sururu inapiga, Ezekiel hasikii. "Baba!" Hakuinua hata uso.

Nikaenda nikamnyanyua mtoto.

"Baba Wema, toka. Huo ni mti wa shambani, unaitwa glirisidia. Ilikuwa nguzo ya uzio ikashika. Mwalimu ameniambia."

Akasimama, jasho linamtiririka. "Amekwambia lini?"

"Jana."

"Na umeniacha nichimbe?"

"Ningesema ungeondoka."

Akaegemea ukuta wa shimo. Nilidhani atafoka. Akasema taratibu, "Sasa ungenyamaza moja kwa moja si ningebaki?"

"Ungebaki shimoni."

Baadaye alipanda juu, akaanza kurudisha udongo. Aliushindilia kwa miguu kuzunguka shina, sehemu baada ya sehemu, ingawa nijuavyo mimi wachimbaji hawafukii mashimo yao. Wema akawa anatupia konzi zake ndogo. Wakati wa kula akauliza kama basi la Masumbwe bado linaondoka alfajiri. Nikamwambia bado.

Nilikuwa nimeshaloweka shati lake kwenye beseni, maji yamekuwa mekundu kwa udongo wa uani kwetu.

"Halitakauka," nikasema. "Nilisuuze tu uende nalo hivyo hivyo?"

"Liache. Nitalikuta."

Sikumwuliza lini. Nilichuchumaa pale kwenye beseni, nikaongeza sabuni.